Ununuzi wa umma: tusiupime kwa sheria na mfumo wa kompyuta pekee, tuingie stoo na tufungue vocha za malipo

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka tunagombana humu wiki mbili kuhusu nani kala kiasi gani, halafu mjadala unapoa hadi mwakani. Leo naomba turudi nyuma kidogo. Mtu akikwambia mfumo wa ununuzi wa nchi fulani ni mzuri au ni mbovu, amejuaje? Ameangalia nini?

Nilifanya kazi miaka tisa katika kitengo cha ununuzi cha halmashauri moja kabla sijaacha. Kuna siku moja ambayo sijaisahau.

Tulinunua madawati 120 ya shule ya sekondari. Vipimo kwenye nyaraka za zabuni vilikuwa wazi: bomba la mraba lenye unene wa chuma milimita 1.5, mbao ngumu iliyokauka. Wazabuni watano waliomba, bei zikasomwa mbele yao, kamati ya tathmini ikakaa, bodi ya zabuni ikaidhinisha, mkataba ukasainiwa. Siku ya mapokezi nilikuwa kwenye kamati pamoja na mwalimu wa fizikia wa shule ileile. Alikuja na kalipa ya vernia ya maabara mfukoni. Akaibana kwenye mdomo wa bomba ambao haukuzibwa, akasoma, akahamia dawati la pili, la tatu, la kumi. Kote milimita 1.1. Akanigeuzia kalipa nisome mwenyewe bila kusema neno. Kidole chake kilikuwa na rangi ya bluu, maana madawati yalipakwa alfajiri ile na hayakuwa yamekauka.

Mkuu wa shule akasema kidato cha kwanza wanakaa chini tangu Januari na wageni wa wilayani wanakuja Ijumaa. Tukasaini. Na mimi nilisaini. Kabla mwaka haujaisha, madawati zaidi ya thelathini yalikuwa yamerundikwa nyuma ya jiko la shule, miguu imepinda.

Wakaguzi walipokuja walikuta tangazo, kumbukumbu za ufunguzi, taarifa ya tathmini, muhtasari wa bodi, mkataba, na hati ya mapokezi yenye saini zote. Hawakuandika hoja hata moja. Kwa karatasi, ununuzi ule ulifaulu. Tangu hapo, nikisikia halmashauri imepata hati safi nafurahi, lakini najua hati safi inazungumzia hesabu kuandikwa ipasavyo. Dawati kama limesimama au limelala, hilo ni swali jingine.

Sasa tuje kwenye vipimo vya kimataifa. Kinachotumika sana kinaitwa MAPS, ni utaratibu wa kupima mfumo mzima wa ununuzi wa nchi. Kilizaliwa kwenye vikao vya pamoja vya Benki ya Dunia na OECD, ule umoja wa nchi tajiri, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikafumuliwa na kutolewa upya mwaka 2018. Kina nguzo nne: sheria na sera, taasisi na uwezo wa watumishi, utendaji wenyewe pamoja na soko, kisha uwajibikaji na uwazi. Chini yake kuna viashiria 14, viashiria vidogo 55 na vigezo 210. Toleo la zamani lilitoa alama kuanzia 0 hadi 3. Toleo la 2018 liliacha alama: mpimaji anaeleza pengo liko wapi na lina uzito gani, na likiwa pengo ambalo watu wa ununuzi peke yao hawawezi kuliziba, analipandishia bendera nyekundu.

Mimi naunga mkono kuachana na zile alama. Nchi ilikuwa inaweza kuandika sheria nzuri, ikazoa alama kwenye nguzo ya kwanza, na wastani ukaficha uozo wa kule chini. Sheria ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Sisi Tanzania tumetunga sheria ya ununuzi wa umma mwaka 2001, tukatunga nyingine 2004 iliyoleta PPRA, mdhibiti wa ununuzi wa umma, nyingine 2011, tukairekebisha 2016, na sasa tuna ya 2023 iliyoanza kutumika Juni 2024. Kumbukeni sakata la Richmond, ile kampuni ya umeme, lilikuja mwaka 2006, sheria ya 2004 ikiwepo na mdhibiti akiwepo. Nchi ilikuwa gizani kwa ukame, umeme wa megawati 100 ukatafutwa kwa dharura, na kamati teule ya Bunge ikaja kueleza kwamba kampuni iliyopewa kazi haikuwa na uwezo wa kuifanya. Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Hatukukosa kifungu cha sheria. Neno "dharura" ndilo lililofungua mlango, na hakuna aliyeweza kusimama mlangoni.

Halafu kuna rada ya kuongozea ndege. Tulinunua mwaka 2001 kwa takriban pauni milioni 28, na kelele za bei zilianza palepale. Lakini nani alilifikisha jambo mahakamani? Wachunguzi wa Uingereza. Mwaka 2010 kampuni ya BAE iliyotuuzia ilikiri huko kwao kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa wananchi wa Tanzania, zikanunua vitabu na madawati. Kwa hiyo ukiniuliza kipimo changu cha kwanza cha nguzo ya nne, ni hiki: kosa likitokea, nani analigundua kwanza, na baada ya muda gani? Kama anayelifikisha mahakamani ni mgeni, miaka tisa baadaye, mfumo wetu ulikuwa umelala.

Kipimo cha pili ni idadi ya wanaojitokeza kuomba. Umoja wa Ulaya wanaangalia asilimia ya zabuni zilizopata mwombaji mmoja tu. Nchi ikiwa chini ya asilimia 10 wanaridhika, ikivuka 20 wanaiweka kwenye kundi la wanaofanya vibaya. Ni namba moja tu, ila inasema mengi, maana mfanyabiashara hapotezi muda kuandaa nyaraka za zabuni ambayo mtaani wanajua imeshapata mwenyewe. Na zabuni huwa inapata mwenyewe mapema, wakati vipimo vinaandikwa. Nimeshaona vipimo vya zabuni vilivyonakiliwa kutoka kwenye kipeperushi cha mtengenezaji mmoja, mpaka uzito wa mashine umeandikwa kwa gramu. Hapo hata ufungue bahasha uwanja wa taifa, mshindi ni yuleyule.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokililia zaidi: malipo. MAPS yenyewe inamtaka mpimaji achukue sampuli ya mafaili na aangalie kama mikataba ilikamilika kwa wakati na kama ankara zililipwa kwa wakati. Tunasema serikali inauziwa vitu ghali, tunakimbilia kusema ni asilimia kumi ya mtu, yaani hongo. Mara nyingine kweli ni asilimia kumi ya mtu. Lakini chukua mfano wa mwenye duka anayeuza rimu ya karatasi 12,000 kwa anayelipa taslimu. Kama anajua serikalini atakaa miezi minane akisubiri, huku mkopo wa benki unatembea, hawezi kukuuzia 12,000. Ataweka 16,000 na hajaiba kitu. Ameweka bei ya kusubiri. Na yule mwaminifu mwenye mtaji mdogo hasubiri kabisa, anaacha kuomba. Wanaobaki ni wenye mitaji mikubwa, na wenye mtu ndani wa kuwasukumia vocha.

Naombeni michango, hasa ya waliokaa upande wa mzabuni.

#2 Mkandarasi daraja la saba

Mkuu, umegusa kidonda. Nilijenga makalavati matatu. Mhandisi alipima kazi na kupitisha hati ya malipo ya kwanza ndani ya siku kumi, sina kinyongo naye. Pesa ilikuja baada ya miezi kumi na moja. Mkataba uliniruhusu kudai riba ya ucheleweshaji, lakini nitadai vipi wakati kesho nataka kazi palepale?

Niseme na mazuri. Zamani nilikuwa nasafiri na nyaraka, nakala halisi na nakala zake, bahasha ndani ya bahasha zimepigwa lakiri. Zabuni inafungwa saa nne kamili. Basi likiharibika njiani, umekosa. Kuna siku nilifika saa nne na dakika saba, kisanduku kimeshabebwa. Sasa naomba kupitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, nikiwa nyumbani, na mwisho wa muda ni uleule kwangu na kwa aliye jirani na ofisi. Hilo ni badiliko la kweli. Ila foleni ya malipo ipo vilevile.

#3 Dada wa kikundi

Shikamooni wakubwa. Sisi ni akina mama kumi, tumesajiliwa kama kundi maalumu, ile asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tulipata zabuni ya kushona mapazia na mashuka ya kituo kimoja cha afya. Tulifurahi mpaka tukapika pilau. Tukachukua mkopo VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukanunua kitambaa, tukashona usiku na mchana, tukapeleka ndani ya wiki tatu. Wakapokea, wakasaini, wakatusifu.

Ikawa njoo wiki ijayo. Subirini robo inayofuata. Mfumo umefungwa, mwaka wa fedha unaisha. VICOBA haijui robo, kila Jumamosi hisa zinahesabiwa na majina yanasomwa. Wenzetu wawili waliuza vyerehani. Tulilipwa mwezi wa tisa tangu tupeleke, na mwaka uliofuata tulipoitwa kuomba tena, hakuna aliyekubali. Kwenye taarifa sisi tunahesabika kama kikundi kilichowezeshwa.

#4 Mwanzisha uzi

Dada, marahaba, na pole sana. Naomba wote tuisome tena sentensi yako ya mwisho, maana ndipo vipimo vyetu vinapokosea. Tunahesabu zabuni ngapi zimetengwa na thamani yake ni shilingi ngapi. Mimi ningehesabu vikundi vingapi vilirudi kuomba mara ya pili kwa hiari yao. Kikundi kilichopata mara moja kisha kikakimbia kisiandikwe kwenye safu ya mafanikio.

Mkandarasi, kuhusu NeST nakubaliana nawe. Tulitoka mfumo wa zamani wa TANePS tukaingia NeST mwaka 2023, na umejengwa na wataalamu wa hapahapa. Kwa mpimaji ni hazina, kwa sababu kila hatua inaacha alama ya saa na tarehe: tangazo limetoka lini, tathmini imechukua siku ngapi, tuzo imetolewa lini. Zamani kupata hizo tarehe nilikuwa nafungua mafaili kwenye kabati lililoingiwa na mchwa, na nusu ya mafaili hayana ukurasa wa mwisho.

Ila mfumo wa kompyuta unaona kinachoingizwa ndani yake. Kalipa ya mwalimu haimo. Ninachotaka kila mwananchi akione kwa simu yake ni kile kipande cha baada ya saini: mkataba wenyewe, nyongeza za kazi na sababu zake, tarehe ya kupokea, tarehe ya ankara, tarehe ya malipo. Slovakia tangu mwaka 2011 mkataba wa serikali usipochapishwa mtandaoni hauanzi kutumika. Ukraine, kwenye mfumo wao wa ProZorro uliokuwa lazima kwa taasisi zote mwaka 2016, wakaongeza na mahali pa raia na wafanyabiashara kulalamikia zabuni mojamoja hadharani. Hizo si nchi zisizo na rushwa. Ni nchi zilizoamua kwamba mtu wa nje naye ahesabu.

#5 Jirani wa Nairobi

Habari zenu ndugu. Nimefuata mjadala huu na huku kwetu ni hayohayo. Sheria yetu ya 2015 ni nzuri ukiisoma. Bodi ya kupitia malalamiko ya zabuni inapewa siku 21 kutoa uamuzi. Usiporidhika unakwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45. Maamuzi yanachapishwa, unaweza kusoma jinsi kila hoja ilivyopimwa. Katika hilo la rufaa naona tuko mbele.

Lakini madeni ya wazabuni yamekuwa janga. Serikali kuu na kaunti zimelimbikiza bili za miaka mingi, mpaka mwaka 2023 ikaundwa kamati ya kuhakiki nani anadai kweli na nani anadai hewa. Kuna watu wamefariki bila kulipwa, na watoto wamebaki na kesi ya benki. Nasi pia tuna asilimia 30 ya zabuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tangu 2013, na kilio cha huyo dada ningekiandika vilevile kwa niaba ya shemeji yangu.

Swali langu: rufaa nyingi ni dalili ya mfumo mbovu au mzuri?

#6 Mwanzisha uzi

Jirani, hapo ndipo namba inaweza kukudanganya. Rufaa chache zaweza kuwa na maana kwamba watu wameridhika, au wameogopa, au hawajui pa kwenda. Mkandarasi wetu hapo juu hadai hata riba anayoruhusiwa na mkataba wake. Huyo hatakaa akate rufaa, na ukimya wake ukiuhesabu kama amani umekosea.

Kwetu malalamiko yanaanzia kwa afisa masuuli wa taasisi nunuzi, yaani mkuu wa taasisi ileile iliyokukata. Ukishindwa pale unakwenda PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni, na maamuzi yao nayo yanasomeka mtandaoni. Nikipima, siangalii rufaa ni ngapi. Nasoma ishirini hivi, naangalia mambo mawili. Je, mlalamikaji mdogo amewahi kumshinda mkubwa? Na je, aliyeshinda rufaa alipata kazi yenyewe, au alipata ushindi wa karatasi wakati mwenzake ameshamwaga zege? Kisha ningewatafuta wale waliowahi kulalamika niwaulize kama waliwahi kupata kazi tena katika taasisi ile. Hili la mwisho halimo kwenye daftari la mtu yeyote, unalipata kwa kupiga simu.

#7 Mwalimu mstaafu

Wanangu, naomba niseme kuhusu fosi akaunti, yaani taasisi kujenga yenyewe kwa mafundi wa mtaani bila mkandarasi, maana mmelisahau eneo ambalo fedha nyingi za shule zinapita. Mwaka 2021 tulipokea zile fedha za UVIKO-19, mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, nchi ikajenga madarasa 15,000. Kila darasa la sekondari milioni 20. Shule yangu ilipata mawili. Tukaunda kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Wazazi walichimba msingi, walisomba maji na mchanga, na madarasa yalikamilika. Nasema kwa fahari, yale madarasa yapo na hayajapasuka.

Lakini milioni 20 ilikuwa ileile kwa shule iliyo jirani na kiwanda cha saruji na kwa shule ambayo saruji inafika kwa fuso siku ya pili. Nilikuwa nafundisha asubuhi, mchana nakusanya nukuu tatu za bei, jioni naandika mihutasari. Sikuwahi kufundishwa ununuzi hata siku moja. Nukuu tatu nazo, mji wetu una maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na yote ni ya familia moja.

#8 Mwanzisha uzi

Shikamoo mwalimu. Umesema jambo ambalo mpimaji anayekaa makao makuu hawezi kuliona. Fosi akaunti iliokoa fedha, sipingi, na pale kijiji kiliposhika kazi yake ilitoa majengo bora. Lakini inaugawa ununuzi vipande vidogovidogo na kuuweka mikononi mwa mtu ambaye ajira yake ni kufundisha. Sheria inasema nukuu tatu kwa sababu inadhani kuna soko. Mahali penye maduka mawili ya familia moja, karatasi tatu hazileti ushindani, zinaleta mwonekano wake tu. Kipimo cha haki hapo ni kulinganisha bei: mfuko wa saruji ulionunuliwa na shule, na mfuko uleule alionunua mwananchi wiki ileile kwenye duka lile. Risiti zote mbili zinapatikana.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuwa yeye ni diwani, aanzie wapi bila kusubiri wapimaji wa kimataifa. Mheshimiwa, omba mpango wa ununuzi wa mwaka na uulinganishe na kilichonunuliwa kweli. Ukikuta vitu vingi havimo kwenye mpango, au kitu kimoja kimenunuliwa mara sita kwa kiasi kidogokidogo, uliza kwa nini kimegawanywa. Halafu chagua mikataba kumi, uichague wewe, usiletewe. Kwa kila mmoja uliza tarehe tatu: ya kupokea, ya ankara, ya malipo. Kisha nenda kaone kilichonunuliwa, na uende na fundi anayejua kupima.

Wengine wameniuliza kama yule mwalimu wa fizikia alipata shida baada ya pale. Hapana, yupo palepale. Mwaka jana nilipita shuleni kwake. Alifungua droo ya maabara akanionyesha kipande cha bomba kirefu kama kidole, alikikata kwenye moja ya madawati yaliyovunjika. Rangi ya bluu bado ipo upande mmoja. Kidato cha kwanza wanapoanza somo la vipimo, anawapa kalipa na kile kipande, na kila mtoto anaandika alichosoma kwenye daftari lake.